Fungate yetu Muscat, shangazi ameshaandaa chumba

Mpendwa mshauri,

Assalaam alaykum. Huu ni mwaka wa 11 wa ndoa yangu. Tunaishi Dar es Salaam na watoto wetu watatu. Mimi kwetu Tanga, mume wangu ni mtu wa Unguja. Tulipooana hatukupata fungate. Siku ya tatu baada ya harusi alirudi kazini, nami nikaanza maisha nyumbani kwa mama mkwe. Tukaahidiana kwamba iko siku tutasafiri wawili tu, tule, tutembee, tuongee kama watu.

Siku hiyo imefika. Miaka mitatu nimeweka fedha za kikoba na faida ya vitenge ninavyouza, naye akaweka zake. Tukachagua Oman, kwa sababu yeye damu yake ina asili ya huko na mimi nimekua nikisikia habari zake. Tiketi tumeshakata. Ni katikati ya Desemba, watoto watakuwa kwa bibi yao Tanga. Tunafika Jumatano, tunaondoka Jumamosi ya wiki inayofuata, yaani tunalala usiku 10. Baada ya tiketi tumebakiwa na fedha za kutosha kupata kama rial 830.

Nilipanga kila kitu mwenyewe. Hoteli ndogo ya rial 30 kwa usiku pale Mutrah, inayotazama bandari. Gari dogo la kukodi la rial 13 kwa siku. Nilitaka tuone Msikiti Mkuu wa Sultan Qaboos, soko la Mutrah, ngome ya Nizwa na mnada wa mbuzi, mashamba ya waridi ya Jebel Akhdar, bonde la Wadi Shab, na kasa wanaotaga ufukweni Ras al Jinz. Na kula! Nataka shuwa, nataka mkate wa rakhal, nataka mishikaki ya barabarani, nataka nilinganishe boko boko yao na yetu.

Sasa mume wangu akamtajia shangazi yake. Shangazi anaishi Seeb tangu miaka mingi. Ndiye aliyemsomesha mume wangu. Baba yake alipofariki, yeye akiwa kidato cha pili, huyu dada wa marehemu ndiye aliyetuma ada kila muhula mpaka akamaliza chuo. Shangazi kusikia hoteli akaja juu: "Mtoto wa kaka yangu alale hotelini, kwani sisi tumekufa?" Ameshapaka chumba rangi. Ameshaarifu ukoo mzima, na mume wangu amenisomea orodha ya nyumba saba ambazo zinatusubiri kwa chakula cha mchana, kila siku nyumba yake. Nikihesabu, likizo yote imekwisha mezani kwa watu.

Kuna jambo la pili. Mume wangu aligundulika na kisukari miaka miwili iliyopita. Anameza metformin asubuhi na jioni, na glibenclamide kidonge kimoja asubuhi. Tumejitahidi, sukari yake ya asubuhi ilikuwa inacheza kwenye 11, siku hizi ni 7 au chini yake. Ukoo haujui. Marehemu baba yake aliondoka kwa maradhi hayo hayo, na yeye hataki shangazi ajue. Mimi nawaza nyumba saba, biriani saba, halua saba. Akila, ataumia. Akikataa, macho yote yatanigeukia mimi, kwamba mke wa Tanga ndiye aliyemfunga kinywa.

Nimemwambia amweleze shangazi ukweli kwamba hii ni fungate yetu. Ananijibu, "Nitaanzaje?" Nikimuuliza yeye anataka nini, anasema kwake popote sawa. Zimebaki wiki tano. Sitaki kumkosea mama wa watu aliyemlea mume wangu, na sitaki kurudi Dar nikiwa na kinyongo ambacho kitanikaa miaka mingine 11. Nifanye nini?

Mwenye mizigo miwili, Dar es Salaam

---

Wa alaykum salaam, dada yangu.

Neno lililonishika katika barua yako ni fungate. Mtu aliyelitunza neno hilo miaka 11, akaliwekea fedha za vitenge, ana haki ya kuumia anaposikia limepangiwa zamu za nyumba saba. Kwa hiyo usijione mchoyo. Na shangazi naye usimwone mnyang'anyi. Kwa watu wa Unguja walioko Oman, mgeni kutoka nyumbani ni tukio. Wengi wao walihamia baada ya 1964, wengine baada ya Sultan Qaboos kushika nchi mwaka 1970 na kuwaita Waomani waliokuwa nje warudi. Anayetua kutoka Unguja huja na harufu ya kwao. Kumpeleka hotelini ni kama kumwachia jirani azike maiti yako.

Nikikuelewa, umebanwa na mambo matatu yaliyofungwa fundo moja: mtalala wapi, mumeo atakula nini, na siri ya maradhi yake. Kila ukivuta uzi mmoja, mwingine unakaza. Tujaribu kuugusa mmoja mmoja.

Kuhusu malazi, naomba uangalie ramani kabla ya kuangalia mioyo ya watu. Mutrah na Seeb ni mji ule ule wa Muscat, mwendo wa dakika 40 hivi kwa gari. Kulala hoteli Mutrah wakati chumba kimepakwa rangi Seeb kutasomeka kwa namna moja tu, hata mseme nini. Lakini Nizwa iko kilomita 160 hivi kutoka Muscat, na Sur, mji wa kufikia kwa wanaokwenda kuona kasa wa Ras al Jinz, kama kilomita 200 kwa njia ya pwani. Huko hakuna atakayewauliza kwa nini mmelala hotelini. Msafiri hulala alikofika. Yaani, sehemu kubwa ya unayotaka kuona iko nje ya mji, mahali ambapo mlango wa shangazi haufiki. Ugomvi wenu unaweza kuwa mdogo kuliko unavyoonekana.

Chukua kalamu tuhesabu. Tuseme mnafika Jumatano na kulala kwa shangazi hadi Jumapili asubuhi, usiku nne. Jumapili mnachukua gari, mnashuka pwani hadi Sur, mnalala Jumapili na Jumatatu. Jumanne mnapita barabara ya ndani kupitia Bidiya na Ibra, mchanga wa jangwa ukiwa upande wenu, mnafika Nizwa. Mnalala hapo Jumanne, Jumatano na Alhamisi. Ijumaa alfajiri mnaingia mnadani, kwa sababu mnada wa mbuzi wa Nizwa ni Ijumaa asubuhi, unaanza kama saa moja na mapema tu unakuwa umekwisha. Asiyelala Nizwa Alhamisi huukuta umevunjika. Jioni mko Seeb kwa kuagana, Jumamosi mnaruka. Usiku tano kwa shangazi, usiku tano wawili tu. Hoteli itakula rial 150 badala ya 300, na gari la siku sita litakula 78. Zinazobaki zitatosha zawadi, na ile safari ya mlimani nitakayoitaja.

Hiyo ni njia moja, na ina hatari zake. Ya kwanza ni barabarani. Oman wanaendesha upande wa kulia, usukani uko kushoto. Kwenye barabara kuu mtu huzoea kwa nusu saa. Makosa hutokea kwenye mizunguko na anapotoka kituo cha mafuta, kichwa kikirudi Dar. Kwenye mzunguko magari yanazunguka kinyume na mshale wa saa, na unayempisha ni anayetoka kushoto kwako. Wewe ukae pembeni, kila mnapoingia barabarani umwambie kwa sauti: "Kulia." Mwendo wa juu kwenye barabara kuu nyingi ni kilomita 120 kwa saa, na kamera zimejaa, faini hufuata gari, na kampuni hukata kwenye dhamana yenu. Dhamana nayo ndiyo inayowakwamisha wengi wa kwetu. Kampuni nyingi hushikilia fedha kwenye kadi ya mkopo, si ile ya kawaida ya benki. Kabla ya kuondoka waandikieni, waulizeni kiasi cha dhamana, kama wanapokea fedha taslimu, na kama wanataka leseni ya kimataifa. Mafuta hayatawasumbua, lita ni chini ya robo rial.

Hatari ya pili: shangazi anaweza kusema atawafuata. Au akawapa binamu na gari kubwa, "akutembezeni". Mlifikirie mapema hilo, kwa sababu kumkatalia binamu aliyeshawasha gari mlangoni ni kugumu kuliko kumkatalia shangazi kwenye simu wiki tano kabla.

Sasa niiguse ile orodha yako ya matembezi, maana naona inakusumbua bure. Waridi la Jebel Akhdar huchanua kati ya Machi mwishoni na Mei mwanzoni. Desemba hutaona hata moja. Makomamanga nayo yatakuwa yameshavunwa. Kilichopo Desemba ni hewa safi, vijiji vilivyoning'inia kwenye ngazi za mashamba, na baridi kali: uwanda wa Saiq uko mita 2,000 hivi juu ya bahari, na usiku joto linaweza kushuka chini ya nyuzi 10. Na gari lako la rial 13 halipandi. Polisi wana kizuizi Birkat al Mawz, chini ya mlima, na hawaruhusu gari lisilo la magurudumu manne yenye nguvu. Mkitaka kupanda, mkodi gari lenye dereva kwa siku moja kutoka Nizwa au hapo Birkat al Mawz, mgawane na wageni wengine kama mkiwapata. Kasa nao wapo Ras al Jinz mwaka mzima, lakini msimu wao mkubwa ni katikati ya mwaka. Desemba mnaweza kukesha na kumwona mmoja au msimwone. Sisemi uvifute. Nakuuliza tu: ukiondoa waridi na ukipunguza matumaini ya kasa, bado unahitaji siku zote 10 uzihodhi, au moyo wako unaanza kupata nafasi?

Wadi Shab hiyo nenda. Mnavuka kwa mashua ndogo hapo chini ya daraja, nauli ni ndogo, kisha mnatembea kama dakika 45 kwenye mawe na kando ya mifereji. Baada ya hapo ni maji, mabwawa mfululizo hadi pango lenye mwanya mwembamba ambao kichwa tu ndicho kinapita. Asiyejua kuogelea aishie bwawa la kwanza, na hajakosa. Vaeni viatu vya mpira vyenye meno, wewe vaa suruali ya kubana na fulana ndefu, simu mzifunge kwenye mfuko usiopitisha maji. Mwanzeni saa mbili asubuhi, muulizeni mwenye mashua saa ya mwisho ya kurudi. Mvua ikitabiriwa popote milimani, msiingie, hata jua likiwaka kichwani mwenu. Maji ya wadi hushuka kutoka mbali na hayapigi hodi. Ni hivyo hivyo barabarani: maji yakikatiza lami, subirini.

Sur umeipanga kwa ajili ya kasa, lakini nadhani itamgusa mumeo kwa kitu kingine. Majahazi yaliyokuwa yakija Unguja na upepo wa kaskazi, yamebeba tende na samaki mkavu, yakarudi na kusi yakiwa na boriti za mikoko, mengi yalitoka hapo. Mafundi bado wanachonga vyombo, na jahazi la kale Fatah al Khair limewekwa nchi kavu watu walitazame. Desemba ndiyo kaskazi inaanza. Nizwa vile vile: ngome ile ya mnara mnene ilijengwa na Imam Sultan bin Saif wa ukoo wa Ya'rubi, ambaye mwaka 1650 aliwatoa Wareno Muscat. Mwanawe, Saif bin Sultan, ndiye ambaye majeshi yake yaliichukua Fort Jesus ya Mombasa mwaka 1698. Ukipanda ngazi za ngome hiyo ya Nizwa utaona matundu juu ya milango. Hapo walimimina asali ya tende inayochemka juu ya adui.

Nirudi Muscat, kwenye zile nyumba saba. Unazihesabu kama siku saba, na shangazi pia amezihesabu hivyo. Hakuna aliyeuliza kama ni lazima. Ijumaa baada ya sala ndiyo siku ambayo familia nyingi za huko hukutana kula pamoja. Mnafika Jumatano, Ijumaa ya kwanza iko wazi. Je, mumeo anaweza kumwomba shangazi awe mwenyeji wa wote siku hiyo, nyumba saba chini ya paa lake? Kwa mwanamke aliyemlea mtoto wa kaka yake akiwa mbali, kumwonyesha mbele ya ukoo wote kwa siku moja si jambo dogo. Hatari ni kwamba nyumba mbili tatu zitasema bado wanadaiwa. Hao muwatembelee jioni kwa kahawa, nusu saa, bila mlo. Chukua doti za kanga, moja kwa kila nyumba, na karafuu kavu. Ni nyepesi na zitapokewa kwa mikono miwili.

Na hapo ndipo tamaa yako ya chakula inapokutana na shangazi. Shuwa ya kweli huipati kwenye meza ya mgahawa siku ya Jumanne. Nyama hupakwa viungo, hulala navyo, hufungwa kwa majani ya mgomba au makuti, hushushwa shimoni kwenye makaa, ikafukiwa siku moja hadi mbili. Ni chakula cha Idi. Migahawa huiokea ndani ya jiko, tamu lakini ni kitu kingine. Mkitaka ile ya shimo kwa ajili ya Ijumaa, shangazi aambiwe wiki nzima kabla, kwa sababu shimo ni kazi ya wanaume watatu na nyama lazima ianze kulala na viungo mapema. Umwombe wewe mwenyewe. Mwambie umetoka Tanga na hujawahi kuiona ikifukuliwa. Boko boko pia ikaliwe kwake, ukae naye jikoni ulinganishe mwiko kwa mwiko. Rakhal na mishikaki ni vya jioni mkiwa wawili. Umesema shangazi atakupora likizo; inawezekana kuna robo ya likizo yako ambayo ni yeye tu mwenye ufunguo wake.

Mutrah mtapata pia. Soko hufungwa mchana, kuanzia kama saa saba hadi saa kumi, hivyo nendeni alasiri, mnunue ubani, mkae ukutani kando ya bahari taa zikiwaka. Msikiti Mkuu nao ninyi mnaweza kuswali wakati wowote wa sala, ila hapo mtatenganishwa, wewe ukumbi wa wanawake. Mkitaka kuliona pamoja lile zulia la tani 21 lililosokotwa na wanawake 600 kwa miaka minne, nendeni saa za wageni, saa mbili hadi saa tano asubuhi, siku yoyote isipokuwa Ijumaa.

Sasa sukari, ambayo naona ndiyo mzigo mzito zaidi ingawa umeuandika wa pili. Wewe unaogopa ale sana. Mimi naogopa pia achelewe kula. Glibenclamide hushusha sukari iwe chakula kimefika au hakijafika. Akimeza saa moja asubuhi, akanywa chai nyepesi "ili aache nafasi", halafu mlo wa wageni ukaja saa tisa alasiri, anaweza kutetemeka na kutoka jasho jembamba mbele ya watu. Siku ya Wadi Shab ni hivyo hivyo, kwani kutembea na kuogelea kunakula sukari. Kwa hiyo waoneni daktari wake ndani ya wiki hizi tano, mumweleze saa za kula za huko na siku za matembezi, aseme kama dozi ibadilike, msiibadilishe wenyewe. Asubuhi ale mlo kamili. Kipimo chake kiwe mfukoni, na kikisoma chini ya 4 apewe vijiko vidogo vya chai vitatu vinne vya sukari kwenye maji au nusu glasi ya juisi, apimwe tena baada ya dakika 15, kisha ale. Tende tatu zinaweza kufanya kazi hiyo. Dawa zote zikae kwenye begi la mkononi katika maboksi yake, na barua ya daktari, na zisiachwe kwenye gari juani.

Mezani, adui wake mkubwa ni wali kuliko nyama. Shuwa ni nyama tupu. Aijaze sahani kwa hiyo na saladi na samaki, wali usizidi ngumi yake. Kahawa ya Kiomani ina iliki na haina sukari kabisa. Utamu uko kwenye tende zinazoandamana nayo, ale moja, anywe vikombe viwili, kisha akirudisha finjani aitikise kidogo kwa mkono wa kulia. Hapo mwenyeji anaelewa ametosheka bila neno. Halua aionje ncha ya kijiko, kwani imepikwa kwa sukari, wanga na samli. Ile chai ya maziwa ya vibandani, karak, mara nyingi imeshachemshwa na sukari ndani, haiondoleki. Aombe sulaimani, chai kavu, bila sukari.

Je, shangazi aambiwe? Hiyo siri ni ya mumeo, dada yangu, na ndivyo itakavyobaki hata kama wewe ndiye unayehesabu vidonge. Lakini jiulizeni pamoja anaficha nini hasa. Shangazi alimzika kaka yake kwa maradhi hayo. Inawezekana habari hii itamvunja. Inawezekana pia ndiye mtu pekee kwenye ukoo anayeijua hofu hiyo kuliko wote, na akishaambiwa atasimama mlangoni mwa jiko mwenyewe, na lawama ya "mke wa Tanga" haitapata pa kukaa. Akiambiwa, kuna hatari ifike nyumba saba kabla ya magharibi na kila nyumba ilete dawa yake, uwatu, habasoda. Asipoambiwa, wewe utabeba kazi ya kumlinda kwa kukonyeza macho siku nzima. Njia ya katikati ni aseme, "Daktari amenipunguzia wali na sukari," basi. Ni kweli, na haisemi yote. Na litoke kinywani mwake. Likitoka kwako, lile unaloliogopa litakuwa umelianzisha.

Njia mbili nyingine bado ziko mbele yenu. Mnaweza kulala usiku wote 10 Seeb, mkatoka asubuhi na kurudi jioni. Mtabakiwa na fedha nyingi, shangazi atafurahi, lakini Nizwa kwenda na kurudi ni zaidi ya kilomita 300 kwa siku, mnada wa alfajiri utakupiteni, na nashuku kinyongo ulichokitaja kitasafiri nawe kwenye ndege. Au mnaweza kushikilia hoteli ya Mutrah kama ulivyopanga. Ni fedha zenu na ndoa yenu. Gharama yake haitalipwa Desemba. Italipwa taratibu na mumeo, kila Idi akipiga simu Seeb.

Lolote mtakalochagua, simu apige yeye, na apige wiki hii. "Nitaanzaje?" si uvivu, anadaiwa ada za miaka na hajui sarafu ya kulipia. Msaidie maneno. Aanze na kile anachompa shangazi: "Shikamoo shangazi. Tumekuja kwako, tunalala kwako Jumatano mpaka Jumapili, na usiku wa mwisho tunarudi kulala kwako. Ijumaa nataka niwaone wote nyumbani kwako. Katikati hapo nampeleka mke wangu Sur na Nizwa, maana sikumpa fungate, na nimemwahidi." Kisha anyamaze. Asijaze kimya kwa kujitetea.

Kitu cha mwisho nimekitafuta katika barua yako nzima sikukiona. Waridi ni lako, kasa ni wako, hoteli ya bandarini ni yako, nyumba saba ni za shangazi. Mtu mwenye asili ya nchi hiyo, aliyempoteza baba akiwa kidato cha pili, anakwenda kuiona kwa fedha alizoweka miaka mitatu, na anasema popote sawa. Usiku wa leo, watoto wakilala, fungua ramani juu ya kitanda, umpe kalamu, umwache aweke alama tatu kabla wewe hujasema neno.